Ngorongoro siyo shimo moja, na siyo kila mlima kule juu umekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hii haitakuwa fupi. Jumapili iliyopita mjukuu wangu, yuko kidato cha kwanza, alikuja na gazeti lenu mkononi akaniambia babu hawa wameandika Ngorongoro ni shimo lililochimbwa na kimondo, na wewe ulituambia ni mlima ulioanguka, sasa nani muongo? Nikatafuta miwani nikasoma. Kweli mmeandika hivyo, halafu aya mbili chini yake mkaandika tena ni volkano iliyokufa zamani, sijui mwandishi alitaka tuchague lipi, na mwisho mkafunga kwamba volkano zote za ukanda ule ni mfu. Na picha mliyoweka siyo Ngorongoro. Hiyo nitaifikia.

Mimi nimeendesha wageni kwenye ile barabara miaka ishirini na sita, Arusha, Mto wa Mbu, Karatu, geti la Lodoare, unashuka kreta kwa Seneto unapandisha kwa Lerai, mpaka goti likakataa klachi nikakaa nyumbani. Siyo mwanajiolojia. Ila nimewabeba wanajiolojia, na hao watu ukikaa nao siku kumi kwenye gari utajifunza upende usipende, maana kila kona simamisha, wanashuka na nyundo wanagonga jiwe, wanaliangalia na kioo kidogo, mmoja alikuwa analilamba kabisa, wanarudi ndani wanabishana mpaka chakula cha mchana. Mengi ninayoandika hapa nimeyaokota hivyo, mengine nikasoma mwenyewe baadaye kwa sababu wageni wengine wanauliza maswali hadi unaona aibu mbele ya kazi yako.

Tuanze na kimondo tumalizane nacho. Hakuna kimondo Ngorongoro. Kimondo tunacho, kiko Mbozi kule Songwe, tani kama 16, nendeni mkakipige picha, na wala hakijaacha shimo la maana pale kilipo. Ngorongoro ulikuwa mlima, tena mkubwa, makadirio ya waliochunguza yanaanzia mita 4,500 mpaka 5,800 hivi, kwa hiyo hata sisi madereva tuliokuwa tunawaambia wageni kwamba ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro tulikuwa tunatia chumvi (mimi nimeitia miaka mingi sana kabla mama mmoja Mjerumani hajanisahihisha mbele ya wenzake, bakshishi siku hiyo ilikuwa nzuri lakini uso ulinishuka).

Ulivyoanguka ndo watu hawaelewi. Chukua sufuria ya uji, uache upoe mpaka ufanye utando juu. Sasa ingiza mrija pembeni uunyonye uji wa chini bila kuugusa ule utando, ukishanyonya wa kutosha utando hauna tena cha kuegemea, unashuka wote mzima mzima unakwenda kukaa chini. Ndo kilichotokea, miaka milioni 2 na kitu iliyopita. Chini ya mlima kulikuwa na hifadhi ya mawe yaliyoyeyuka, yakamwagwa nje kwa mlipuko, majivu na gesi ya moto vikateremka kwenye miteremko vikasambaa mbali na kugandamana kuwa jiwe, na kilele kilipobaki hakina kitu chini yake kikadidimia. Shimo la namna hiyo kitaalamu ni kaldera, kreta ni ule mdomo wa kawaida tu wa volkano, lakini sisi kazini tunasema kreta na tutaendelea kusema kreta, hilo silipigii kelele. Ukubwa wake kama kilomita za mraba 260, kuta za mita 600, upana kilomita 16 upande mmoja mpaka 19 upande mwingine. Ukiwa chini kule unaona vilima vidogo vidogo, wageni wanadhani ni vichuguu vya kawaida, vile ni volkano ndogo zilizotoka baadaye juu ya sakafu yenyewe, yaani mlima ulianguka na bado ukawa unakohoa.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Mmeandika kama vile kule juu kuna shimo moja na pori limelizunguka. Hapana bana. Ile ni nyanda ya juu nzima iliyojengwa na volkano, mlima umekaa juu ya mabaki ya mwenzake, kutoka Ziwa Eyasi upande wa kusini mpaka Natron kaskazini, na Ngorongoro ni mtoto wa katikati tu kwenye ukoo huo. Ukipita geti la Lodoare unapanda msitu, unadhani unaupanda ukingo wa Ngorongoro tu, kumbe kushoto kwako kuna Oldeani, mlima wa peke yake wenye zaidi ya mita 3,000, na mashamba ya kahawa ya Karatu yamekaa kwenye udongo uliotokana na mawe ya milima hiyo. Magharibi kuna Lemagarut na Sadiman. Kaskazini ya kreta kuna Olmoti, nayo ilianguka katikati lakini shimo lake ni la kina kifupi, limejaa majani, Wamasai wanalisha ng'ombe, na Mto Munge unatokea humo unaanguka maporomoko halafu unakwenda kuishia kwenye ziwa la magadi ndani ya Ngorongoro. Mashariki Loolmalasin, mita zaidi ya 3,600, unahesabiwa wa tatu kwa urefu Tanzania nzima baada ya Kilimanjaro na Meru, na niambieni ni mara ngapi mmeuandika. Halafu Empakaai, halafu Kerimasi, halafu Oldoinyo Lengai.

Na hawakuzaliwa siku moja. Mtanzania mwenzetu Godwin Mollel, mwanajiolojia, alikwenda kupima umri wa mawe ya milima ile mmoja mmoja, na picha inayopatikana kwenye kazi za namna hiyo ni kwamba moto ulikuwa unahama. Sadiman ni mzee, miaka milioni 4 hivi. Lemagarut na Ngorongoro wako kwenye milioni 2 na ushee, Olmoti akafuata hapo hapo karibu na milioni 2, Oldeani milioni 1 na nusu, Empakaai hajafikisha milioni 1. Na Lengai wa mwisho kabisa kule kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, huyo ni kitindamimba, na hajatulia. Mkitaka kulinganisha, Kibo ya Kilimanjaro ina kama nusu milioni tu, kwa hiyo Ngorongoro ilishasimama na ilishaanguka zamani kabla Kibo haijaanza hata kuota. Hii nikiwaambia wageni walikuwa wananyamaza kidogo.

Sababu ya yote hayo ni ufa wenyewe. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa huku na huku, inakuwa nyembamba, inapasuka, na mahali ilipopasuka mawe ya moto yanapata njia. Mnauona ule ukuta mkisimama Mto wa Mbu mkiangalia juu, barabara inavyopanda kwa kona, ule ndo ukingo wa ufa. Nimelipita hilo kwa mstari mmoja kwa sababu shuleni wanafundisha vizuri tu.

Kisichofundishwa vizuri ni majivu. Kule juu upepo mwingi unatoka mashariki, upande wa bahari, kwa hiyo miaka yote hiyo milima ilipokuwa inalipuka majivu yalikuwa yanabebwa kwenda magharibi. Mvua nazo zinatoka mashariki zinaishia kwenye miteremko ya huku, ndo maana huku kwetu Karatu kuna msitu na mahindi na ukivuka tu ukingo ukashuka upande wa pili unakuta vumbi na swala. Na kila kitu ambacho dunia inakijia upande ule wa pili kimehifadhiwa na majivu hayo. Laetoli, zile nyayo za watu wa kale waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, ni kwa sababu volkano ilimwaga jivu, mvua ikanyesha kidogo jivu likawa kama saruji mbichi, watu wakapita, likakauka, likaja jivu lingine likafunika. Miaka mingi imesemwa jivu lile lilitoka Sadiman, kama kilomita 20 mashariki ya pale, ingawa kuna wataalamu wengine wamelipinga hilo kwa kulinganisha mawe, na mimi nimekaa kwenye gari moja na watu wa pande zote mbili, sitaki kesi. Nyayo za wanyama ndo zilionekana kwanza, 1976, wanasayansi walikuwa wanacheza kurushiana mavi ya tembo makavu, mmoja anaitwa Andrew Hill akaanguka akikwepa, akainua macho akaona alama kwenye jiwe. Hii siyo hadithi ya madereva, iko kwenye rekodi. Nyayo za watu zikafuata 1978 kwenye timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey, na baadaye wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wakapata nyingine karibu na pale pale, zikatangazwa 2016.

Korongo la Oldupai, kule kunakochimbwa mifupa ya kale, vile vile. (Oldupai ndugu zangu, ni jina la Kimasai la mkonge mwitu unaoota kule, wazungu walisikia vibaya wakaandika Olduvai na ninyi mnaendelea kunakili.) Chini kabisa ya korongo kuna tabaka la jiwe lililotokana na milipuko ya Ngorongoro yenyewe, na juu yake majivu mengi ya matabaka ya mwanzo yalitoka Olmoti, ule mlima ambao hamkuutaja hata kwa jina. Lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 walikuwa wanakisia lina miaka laki sita hivi. Mwaka 1961 ndo wakatoa jibu la kupima majivu: milioni 1.75. Dunia nzima ikashtuka. Hebu fikirini, mfupa wa zamani namna ile huwezi kuupima wenyewe, unapima jivu lililo juu yake na chini yake. Kwenye punje za jivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo inageuka kuwa gesi ya agoni polepole kwa mwendo usiobadilika, jiwe likiyeyuka gesi yote ya zamani inatoka na likiganda hesabu inaanza sifuri, kama saa iliyorudishwa. Bila volkano za nyanda ile tungekuwa na mifupa isiyo na tarehe. Kwa hiyo mtu akiniandikia "shimo la kimondo" amefuta na saa pamoja.

Hata nyumbu. Mnaandika kila mwaka kuhusu nyumbu kuzalia Ndutu na nyanda za majani mafupi za kusini mwa Serengeti, mmewahi kujiuliza kwa nini pale hakuna miti? Majivu ya Kerimasi na Lengai yameshuka pale kwa maelfu ya miaka, chokaa yake imeshuka chini ikagandamana kuwa sakafu ngumu, mizizi ya mti haipenyi, majani mafupi yanapenya kidogo yanapata kalsiamu na fosforasi ambayo nyumbu mwenye maziwa anaihitaji. Nje kidogo ya Oldupai kuna kilima cha jivu jeusi kinachohama chenyewe kwa upepo, mita kama 17 kwa mwaka, kina umbo la mwezi mwandamo, ukirusha mchanga wake juu unarudi kushikana kwa sababu una sumaku. Wameweka na vigingi vya miaka unaona kilikuwa wapi. Wageni wanapenda kupiga picha pale, ila upepo unawajaza macho wanarudi wanalia.

Sasa Lengai, maana ndo mliyomzika akiwa hai. Yule mlima una mita kama 2,960 na ndo volkano pekee inayojulikana duniani leo inayotoa lava ya aina yake, ambayo karibu yote ni magadi. Siyo mfano, ni kweli, ni kaboneti za sodiamu na potasiamu, jamaa mmoja akaniambia kwa kifupi ni magadi ya kuchemshia maharage ila ya moto nyuzi 500 mpaka 600. Lava ya kawaida iko kwenye 1,100 na zaidi. Kwa sababu ya ubaridi huo, wao wanauita ubaridi, lava ya Lengai mchana haiwaki nyekundu, inatiririka nyeusi nyepesi kama oili chafu, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe, siku chache tu. Ndo maana ukiwa mbali unaona kilele cheupe ukadhani ni theluji. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliyeiona kreta ile 1960 aliandika habari zake 1962 na wenzake wengi hawakuamini mpaka walipokuja wenyewe.

Huyo siyo mfu. Alilipuka 1917, akalipuka 1940 hadi 41, akalipuka 1966 hadi 67. Mwaka 2007 nilikuwepo. Mwezi wa saba tulikuwa na wageni kambini upande wa Empakaai, usiku kitanda kikatikisika, tukasema tembo, kikatikisika tena. Ilikuwa matetemeko mfululizo chini ya Gelai, mlima jirani na Lengai, kubwa lao 5.9 tarehe 17, mpaka Nairobi watu walitoka kwenye maghorofa wakakaa barabarani. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba uji wa mawe ulijipenyeza chini kwa kilomita kadhaa bila kutoka juu, ukapasua ardhi tu. Halafu tarehe 4 mwezi wa tisa Lengai akafunguka kwa mlipuko, safari hii siyo lava ile ya upole, ni majivu, nguzo ya moshi ukiwa ukingo wa Empakaai unaiona yote mbele yako kama mtu amechoma matairi ya dunia nzima. Iliendelea kwa vipindi mpaka mwezi wa nne 2008. Wafugaji walihamisha mifugo na familia, malisho yalikuwa kijivu, ng'ombe wanakataa kula. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa anatutembeza alisema Mungu ameamka na hana njaa ya maneno yetu, akawasha kiko chake cha tumbaku akanyamaza. Jina lenyewe ni Mlima wa Mungu. Sasa mtoto wa kijiji cha Engare Sero aliyeyaona hayo akiwa darasa la pili, leo ni mtu mzima, asome gazetini kwamba volkano zote za kule ni mfu, atawaamini kwa lipi lingine?

Na pale pale Engare Sero, chini ya mlima, kuna nyayo za binadamu kama sisi zaidi ya 400 kwenye tope lililotokana na majivu ya Lengai, zilizogandamana maelfu ya miaka iliyopita. Ni Laetoli nyingine, ya juzi juzi. Sijawahi kuona mmezitaja.

Kuna jambo la meno pia niliongee maana ni letu. Sisi wa huku kaskazini mtu akitabasamu Dar wanajua ametoka wapi, meno ya kahawia. Ni floridi ya kwenye maji, na maji yanaipata kwenye mawe na majivu ya volkano hizi hizi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, visima na chemchemi nyingi za huku zinapita hapo mbali, na tukiweka magadi kwenye maharage na makande tunaongeza. Mimi mwenyewe meno yangu ni shahidi, wageni walikuwa wanadhani ni sigara, sijawahi kuvuta. Mkiandika historia ya volkano kama kitu kilichokwisha mtu wa Karatu haoni kwamba anainywa kila asubuhi kwenye chai.

Ninachoomba ni kidogo. Eneo lile lote UNESCO ililipa hadhi ya jiopaki, yaani hifadhi ya urithi wa mawe na ardhi, 2018, inaitwa Ngorongoro Lengai, wameweka majina mawili makusudi, la aliyeanguka na la anayefuka, na ni ya kwanza kusini mwa Sahara. Sasa kama wao wameona ni kitu kimoja kwa nini ninyi mnakata kipande cha katikati tu na kusema ndo hicho? Mwandishi wenu aje, nitampeleka mwenyewe, goti likikubali, siyo kushuka kreta kuangalia simba maana hiyo kila mtu ameona, tupite juu, Olmoti, Nainokanoka, bonde la Embulbul, mpaka Empakaai. Mafuta juu yenu.

Na picha. Ile picha yenu ya ukurasa wa tano yenye maandishi "Kreta ya Ngorongoro" ni Empakaai. Angalieni: kuta zina msitu mpaka chini, na sakafu karibu nusu yake ni ziwa. Ngorongoro ziwa lake ni dogo na la kina kifupi, kiangazi linabaki chumvi, la Empakaai lina kina cha mita karibu 80 na shimo lenyewe lina upana wa kilomita 6 hivi tu. Na ule mlima mkali uliochongoka kule nyuma, kwenye kona ya juu kulia, ambao mmeukata nusu ili maandishi yaingie, ndo Lengai.

Ni mimi msomaji wenu,
Dereva mstaafu, Karatu